Ngozi ya Matabishi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Cherehani imekufa. Kabisa. Mufundi aliifungua, akapuliza, akatia mafuta, akajaribu kuzungusha gurudumu. Wapi. Kutu imekula mpaka ndani. Akaniambia nimuuzie kama chuma. Kama chuma! Miaka kumi na moja nimeshona nguo za nusu ya quartier na mashine ile, leo inapimwa kwa kilo.

Ziwa njo liliiua. Mwaka jana maji yalipanda mpaka dirishani, yakakaa miezi miwili kama mugeni asiye na haya. Tulihama, mimi na Mama, tukapanga hivi vyumba viwili huku juu, mbali na maji. Tangu siku zile naogopa kila kitu. Mawingu. Mulango ukigongwa. Muntu akiniita jina langu lote. Shaabani, ndugu yangu mudogo, ananiita "muoga wetu". Anacheka. Mimi sicheki.

Lakini nimewaza jambo. Ngozi. Wanawake wa soko wananunua mifuko ya Chine, mishipi inakatika wiki ya kwanza. Mufuko wa ngozi unashonwa na mukono. Hauombi mashine, hauombi courant ya umeme. Mikono yangu haikuingia kutu.

Basi leo nimeenda kuangalia vyombo vya kuanzia. Ku magazini moja, duka la vyombo, kuko sanduku: vyombo makumi tatu ndani, vinangaa, kila kimoja mu nafasi yake. Nikauliza, hiki ni cha nini? Muuzaji akageuza sanduku, akasoma, akageuza tena. Maandishi ya Kichina. Akasema kila kimoja kina kazi yake. Hiyo hata mimi niliiona.

Nikaogopa kununua. Nikaogopa kuacha. Nikaacha. Njia nzima nikaogopa kwamba muntu mwingine atalinunua.

Jumanne, 5 Agosti

Kuko muzee mumoja ku gare, Papa Télesphore, cordonnier. Anakaa chini ya bati moja, kando ya reli, ameshonea viatu watu wa train tangu mimi mutoto. Nimepita mbele yake mara tatu bila kusimama. Mara ya nne akasema, bila kuinua kichwa:

— Mama, kiatu chako kimeharibika, ao unanihesabia misumari?

Nikataka kukimbia. Nikasema nataka kujifunza ngozi, sijui vyombo gani vya kununua. Akaniuliza nataka kutengeneza nini. Mifuko, nikasema. Akaomba kuona mikono yangu. Akaigeuza kama daktari. Akauliza nilikuwa nashona nguo? Aliona kidole cha sindano.

Nikamuelezea lile sanduku. Akasema niliache hapo hapo lilipo. Vyombo makumi tatu ni vya muntu ambaye tayari anajua kazi, na huyo muntu havihitaji vyote. Muanzaji anahitaji vinne. Akavitandika juu ya goti lake, moja moja: kisu kifupi chenye ncha iliyolala upande. Aleni, ile sindano nene yenye mupini wa mbao, ya kutoboa. Sindano mbili butu za kushonea, kwa sababu ngozi inashonwa na sindano mbili zinazopishana mu tundu moja. Na uzi na kibonge cha nta ya nyuki wa kuupaka.

Cha tano, akasema, ninacho jikoni. Uma wa kulia. Ukiukandamiza juu ya ngozi, meno yake yanaacha alama zinazolingana, hapo njo unatoboa. Niliwaza ananichekelea. Wapi, akanionyesha wa kwake. Meno mawili yamepinda.

Yeye anapunguza kazi, macho yamechoka, kila chombo anacho mara mbili mara tatu, vya ziada anauza. Aleni zilikuwa tatu. Akanifanya nishike kila moja, nifumbe macho, nisukume hewa. Nikamuuliza nitajuaje ya kwangu. Akasema ile ambayo nitaisahau mukononi. Ya kwanza ilinichoma kiganja. Ya pili nzito. Ya tatu, nilipofungua macho nilikuwa nawaza chakula cha saa sita. Akasema, beba hiyo.

Nilipolipa nikaomba matabishi. Ni kawaida yetu! Hata nyanya za soko hatuondoki bila muuzaji kutupia moja ya juu, ya bure. Akauliza, hata kwa kisu? Hata kwa kisu, Papa. Akaingiza mukono chini ya kiti, akatoa kifurushi cha ngozi. Laini! Rangi ya chai ya maziwa. Akasema ni vipande vya zamani, vya kutandika ndani ya viatu, niharibu hivyo nikijifunza.

Nimerudi nimekumbatia kila kitu ndani ya kikwembe nilichojifunga. Niliogopa polisi watauliza kisu ni cha nini. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 6 Agosti

Kisu kinakata kabla hujakiamuru. Kidole cha kushoto. Kidogo tu, lakini damu iliponitoka nilikaa chini nikalia, muntu muzima wa miaka makumi tatu na nane. Kisu nimekifunga mu kitambaa, nimekiweka juu ya kabati.

Sigusi tena mpaka Ijumaa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimegusa. Nimekata mukoba wa zamani uliochanika nikajifunzia humo. Papa Télesphore alisema kisu kinavutwa, hakisukumwi, na mukono mwingine unakaa nyuma ya kisu siku zote. Nyuma. Najiambia kwa sauti kila nikikata: nyuma, Zaina, nyuma.

Uma unafanya kazi. Aleni pia. Sindano mbili zilinichanganya siku mbili, leo asubuhi mikono ikaelewa. Mushono umesimama wima, sentimeta kumi! Nilitaka kumuonyesha muntu, nikaogopa atasema si muzuri.

Mama alikuwa amekaa mulangoni. Haoni vizuri sasa, macho yana ukungu, anaona mwanga na vivuli. Lakini anasikia. Akauliza nagonga nini tangu juzi. Nikaweka kipande mukononi mwake. Akapitisha kidole gumba juu ya mushono, kwenda na kurudi.

Kisha akasema nimutengenezee mufuko wa musahafu.

Musahafu huo ni wa baba ya babu yake, ulivuka ziwa kutoka Ujiji. Siku ya maji Mama aliubeba kichwani, maji yakiwa kifuani, Shaabani akimuvuta kwa mukono. Mufuko wake wa zamani ulioza. Tangu siku hiyo unakaa ndani ya kanga, na Mama anasema umekaa uchi.

Nikamuambia mimi ni muanzaji, Mama, nitaharibu. Akasema basi niharibu polepole.

Alhamisi, 14 Agosti

Ngozi ya mukoba wa zamani ni ngumu na inanuka. Haifai kulala kifuani mwa Mama. Ile ya matabishi njo laini. Najua Papa alisema ni ya kujifunzia, lakini kipande kimoja ni kikubwa, kizima, kinatosha kabisa. Kama Mungu alinipimia.

Nilikitazama kwa jua. Kina vitundu vidogo sana, karibu havionekani, vitatu vitatu, nafasi yote. Tatu, nafasi, tatu, nafasi. Nimewaza ni pambo la kiwanda. Kinapendeza.

Nimekata. Mukono nyuma ya kisu.

Jumatatu, 18 Agosti

Umeisha! Mishono miwili ya pembeni, kifuniko, mushipi wa kuvaa shingoni. Nimesugua kingo na mugongo wa kijiko mpaka zikangaa.

Mama alinawa mikono, akatia udhu, njo akaupokea. Akaugusa wote. Mushono. Kona. Kifuniko. Kisha kidole gumba chake kikasimama katikati, kikazunguka, kikasimama tena. Akauliza: na vitundu hivi? Vitatu vitatu?

Sijui nini kilinishika. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijauona hivyo tangu maji. Nikasema ni mimi nilitoboa, Mama. Na aleni.

— Vyote hivi?

— Vyote.

Akalia. Akasema mutoto anayeogopa kuku amekaa na kutoboa alfu ya vitundu kwa ajili ya kitabu cha Mungu. Akaingiza musahafu, ukaingia sawasawa. Akauvaa.

Ni uongo mudogo. Wa mapambo tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama amekwenda musikitini na mufuko kifuani. Hauvui, hata akiswali. Upande wa wanawake, wote wameushika. Shaabani anasema alisikia sauti ya Mama mpaka ku upande wa wanaume: binti yangu, mukono wake, vitundu vyote, moja moja. Muke wa shehe aliuliza kama naweza kumufanyia mufuko wake. Wawili wengine pia. Oda tatu!

Na Maulidi, Alhamisi tarehe 4, Mama njo atakaa mbele kati ya wanawake, na musahafu wa babu utapita mukono kwa mukono, kila mumoja aubusu.

Shaabani akanishika bega, akasema muoga wetu amekuwa fundi. Nimekula bukari na samaki wadogo wa ndakala mara mbili. Leo siogopi kitu. Nimeandika hivyo, kisha nikaogopa kuwa nimeandika.

Jumatano, 27 Agosti

Maandishi leo ni mabaya. Niandike yote kwa mustari.

Nimeenda kwa Papa Télesphore kutafuta uzi na ngozi ya zile oda tatu. Nilibeba picha ya mufuko mu telefone, nilitaka anisifu. Akavaa miwani, akakuza picha na kidole. Akasema mushono ni muzuri, mushono si wa muanzaji. Nikafurahi. Kisha akakuza zaidi.

— Hii ni ile niliyokupa matabishi?

— Ndiyo, Papa.

— Ndani unaweka nini?

— Kitabu.

— Kitabu gani?

Nikamuambia. Musahafu wa Mama.

Akaweka nyundo chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza kama niliona vitundu vitatu vitatu. Nikasema niliviona, ni pambo.

Si pambo. Ni mahali nywele zilitoka. Ng'ombe nywele zake zimejaa kila mahali, mbuzi zake zinajipanga mustari mustari. Muyama mumoja tu njo nywele zake zinaota tatu tatu. Akalitaja jina lake.

Nguruwe.

Nimeliandika. Karatasi hii nitaichana.

Akasema, Mama Zaina, mimi mukristo, kwangu ilikuwa ngozi tu, ya ndani ya viatu, ilikaa chini ya kiti miaka. Alidhani nitaiharibu na kuitupa. Laiti angeuliza. Aliomba musamaha, muzee yule, mbele ya watu wanaongoja viatu. Na mimi sikumukasirikia. Nimukasirikie nini? Aliniambia ni ya kujifunzia. Na vitundu, mimi njo nilisema ni vyangu.

Nimerudi kwa miguu. Nyuma ya nyumba nimenawa mikono mara saba, mara ya kwanza na udongo, kama tulivyofundishwa mu chuo cha Kurani. Kisha nikawaza: aleni. Kisu. Uma! Uma tumeulia. Nimenawisha vyote. Mama akasikia maji, akauliza nafua nini saa hizi. Nikasema nguo.

Alikuwa amekaa mulangoni na mufuko kifuani. Kidole gumba kinazunguka juu ya vitundu.

Alhamisi, 28 Agosti

Sijamuambia.

Siku kumi musahafu umelala ndani ya kitu hicho. Siku kumi Mama anaswali nacho. Yeye hajui, hana zambi, hilo najua. Lakini mimi najua tangu jana saa nne, na kila swala anayoswali tangu hapo ni juu yangu.

Nikamuambia mushono umelegea, anipe nitengeneze. Akauvuta pande zote mbili, na nguvu. Akasema umelegea wapi? Hata uzi mumoja haujasogea. Akacheka, akasema naogopa mpaka kazi yangu mwenyewe.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo nilikata shauri. Nimekaa chini karibu na miguu yake, nikasema Mama, kuko jambo.

Akasema ngoja, na yeye ana jambo. Akaniambia kitu ambacho hajamuambia muntu: tangu maji, kila mvua ikigonga bati anasikia kifua kinafunga, pumzi haiingii. Alikuwa anaficha ili mimi nisizidi kuogopa. Lakini juzi manyunyu yalipopita, akashika mufuko, akagusa vitundu nilivyotoboa, tatu, tatu, tatu, kama tasbihi, na pumzi ikarudi. Akasema mvua za Septemba zije sasa. Hana hofu nazo.

Akauliza, na wewe, jambo gani?

Daktari alisema asishitushwe, kwa sababu ya tension ya damu. Hiyo ni sababu. Lakini mu karatasi hii sitajidanganya: niliogopa uso wake. Niliogopa uso ule ufunge tena, na mimi niwe nimeufunga.

Nikasema kwa Maulidi nataka kuutia mushipi mupya, wenye nguvu. Akakubali mara moja. Akatoa musahafu mwenyewe, akaubusu, akaurudisha ndani ya kanga, akanipa mufuko. Niliupokea na kitambaa.

Musahafu uko salama. Namushukuru Mungu kwa hilo moja. Mufuko nimeufunga mu sashe mbili za plastiki, uko nyuma ya gunia la makala ya kupikia.

Uongo wa pili huo. Wa mushono ulikuwa wa tatu? Nimepoteza hesabu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimerudi ku gare. Papa Télesphore alikuwa ananingoja, naona. Alikuwa ametafuta ngozi ya mbuzi, rangi karibu moja. Akaniambia anajua mbuzi huyo: alichinjwa siku ya Idi, huko kwetu, kwa jirani wa Shaabani, yeye alinunua ngozi kwa mukono wake akaitengeneza. Akanionyesha vitundu vyake kwa jua. Mistari mistari. Akasema nitazame mwenyewe, nisimuamini yeye. Nikatazama mpaka macho yakaniuma.

Nikatoa pesa. Akapokea yote, akasema hii hataongeza kitu juu yake. Nikasema sitaomba.

Kisha akauliza kama nimemuambia Mama. Nikakunja ngozi ya mbuzi ndani ya kikwembe. Naye akarudi ku kiatu chake.

Mushono wa mbuzi ni rahisi, mikono inajua. Nimekata, nimeshona pande mbili kabla ya alasiri. Lakini ngozi imekaa tupu katikati. Hakuna kitu. Mama atapitisha kidole gumba na hatakuta kitu.

Kwa hiyo lazima nitoboe. Vitatu vitatu. Nafasi yote. Ile niliyosema nimefanya, sasa naifanya.

Jumatano, 3 Septemba

Niliweka ule mufuko wa kwanza pembeni juu ya gazeti, mikono nimeivalisha sashe, nikanakili. Tatu, nafasi, tatu, nafasi. Ncha ya aleni tu, isipite upande wa pili. Ukisukuma kidogo haionekani. Ukisukuma sana inapasua. Jana asubuhi mpaka adhuhuri, leo tangu alfajiri. Mama anasikia, tik tik tik. Aliuliza mushipi gani unatobolewa hivyo. Nikasema nautia pambo.

Nilifika mahali nikacheka peke yangu. Mimi, binti ya Mama Maimouna, mujukuu wa watu wa Ujiji, nimekaa nanakili nywele za nguruwe juu ya mbuzi wa Idi. Kisha sikucheka.

Naogopa vidole vyake. Naogopa kesho. Naogopa wale wanawake wote, midomo yao. Naogopa pia kitu kingine: kwamba atakubali. Kwamba atauvaa, atafurahi, na mimi nitakaa na jambo hili mpaka kufa kwangu, kila mvua nikimutazama anavyohesabu.

Kiganja kimevimba. Aleni niliyoisahau mukononi siku ile, leo naisikia yote.

Alhamisi, 4 Septemba

Saa tano asubuhi. Niko jikoni.

Nimemupa Mama mufuko. Saa nne hivi, baada ya kuoga, amevaa kanzu yake nyeupe ya Maulidi. Shaabani atakuja kutuchukua saa kumi. Musahafu ulikuwa juu ya magoti yake ndani ya kanga. Nikaweka mufuko mupya mukononi mwake, nikasimama pale kama mutoto anayengoja bulletin ya masomo.

Akagusa mushipi. Akasema una nguvu. Akagusa mushono, akasema ni muzuri kuliko ule wa kwanza, nimeendelea. Nikawaza imepita, Mungu wangu, imepita.

Akasema unanuka tofauti. Nikasema ni nta mupya. Akaitika.

Kisha kidole gumba. Katikati. Kikasimama. Kikaenda polepole sana, tatu, kikasimama, tatu, kikasimama. Akageuza mufuko, akaingiza mukono ndani, akagusa upande wa nyuma. Kuko mahali aleni ilipita kidogo, nilisugua na kijiko, nilidhani imelala. Alipapata. Akarudi mbele. Alichukua muda murefu kiasi jirani alimaliza kufagia kiwanja chake chote.

— Zaina.

— Mama.

— Hivi ni vya mukono wako. Hiki kimeingia sana. Hiki kimepinda. Hapa ulichoka, hapa ulipumzika ukarudi.

Kidole gumba kikarudi mwanzo.

— Vile vya kwanza havikupinda hata kimoja.

Nikasema chai itaungua. Chai haiungui. Nikakimbilia huku.

Kwa mulango namuona. Hajauingiza musahafu. Ameuacha ndani ya kanga, na mufuko ameuweka kando yake juu ya mukeka, umefunguliwa. Mikono yake iko juu ya magoti, imetulia. Hatafuti kitu. Uso haukufunga. Haukufunguka pia.

Ameniita. Akauliza kutoka pale pale, bila kupaza sauti, kama anauliza bei ya samaki:

— Vile vya kwanza, nani alitoboa?

Mufuko wa kwanza uko hapa nyuma yangu, nyuma ya makala. Ningenyoosha mukono ningeugusa.

Ameita mara ya pili. Hana hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Nimemimina chai, vikombe viwili. Nimetia sukari, nimekoroga. Nimefuta meza. Uma nimeuosha tena. Nimetia makala, nimefunika sufuria.

Hakuna kazi ingine iliyobaki jikoni.